Macho kwenye shabaha: kuhamia nukta nyekundu kwenye bastola

Aliyefundishwa kulenga JKT au mgambo anaikumbuka amri ile: fumba jicho moja, weka ncha ya mbele katikati ya mwanya wa nyuma, ncha uione wazi, shabaha iwe na ukungu kidogo. Kwa alama za chuma mafundisho hayo ni sahihi kabisa. Jicho haliwezi kuona wazi vitu vitatu vilivyo umbali tofauti kwa wakati mmoja, kwa hiyo mlengaji huchagua ncha ya mbele na kuuvumilia ukungu wa vile vingine viwili. Nukta nyekundu, yaani kifaa cha kulengea kinachokuonyesha nukta ya mwanga kwenye kioo kidogo juu ya bastola, inadai kinyume chake: macho yote mawili wazi, na yote mawili kwenye shabaha. Ugumu wa kuhama uko hapo. Karibu kila anayeniuliza habari hizi anataka kujua anunue ipi. Ningependa zaidi aniulize ajifunze vipi.

Naishi Houston, Texas, na mwisho wa wiki hupiga mashindano ya bastola ya klabu. Nilitumia alama za chuma kwa miaka mingi, na nilihama baada ya kuvuka arobaini, macho yalipoanza kubadilika. Umri huo lenzi ya jicho hukakamaa, na vitu vya karibu vinaanza kufifia. Ncha ya mbele ya bastola iko urefu wa mkono, palepale ambapo mtu wa rika langu anasogeza karatasi mbali ili aisome. Ukivaa miwani ya kusomea ncha inarudi, lakini shabaha inapotea. Kama hali hiyo imeshakufika, nukta itakusaidia kweli, na sina shaka kukushauri uhame.

Kifaa chenyewe ni rahisi kukielewa. Taa ndogo sana iliyo nyuma ya kioo inarusha mwanga mwekundu kwenye kioo kilichopinda kidogo na kupakwa utando unaourudisha mwanga huo kwenye jicho lako. Unarudi ukiwa umenyooka, hivyo jicho linaiona nukta kana kwamba iko mbali, huko huko shabaha iliko. Ndiyo maana si lazima nukta ikae katikati ya kioo. Ikiwa kwenye kona, na kona hiyo iko juu ya shabaha, risasi itakwenda pale, isipokuwa kwa tofauti ndogo sana ambayo kwa umbali wa bastola haikusumbui.

Kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ilitoa kifaa cha namna hii mwaka 1975. Bastola za kawaida zilisubiri sana, kwa sababu slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola ambako kifaa hufungwa, inakwenda nyuma na mbele kwa nguvu inayovunja vifaa dhaifu. Kifaa cha RMR cha kampuni ya Trijicon, mwaka 2009, kilikuwa kidogo na kigumu cha kutosha. Mwaka 2015 Glock wakatoa bastola za MOS zilizochongwa tayari juu ya slaidi ili kufunga nukta, na Januari 2017 Jeshi la Marekani likaichagua bastola ya SIG Sauer iliyokuja kuitwa M17, nayo ina nafasi ya kufunga nukta.

Sasa lile litakalokuchosha. Siku za mwanzo utainua bastola na kioo kitakuwa kitupu. Nukta haipo. Utaanza kuizungusha mikono juu, chini, kushoto, na sekunde zinakwenda. Kwa alama za chuma, bastola ikipinda bado unaiona ncha imetokeza juu au imejificha upande, na mkono unarekebisha wenyewe. Kwenye kioo, mpindo mdogo tu unaiondoa nukta yote. Kifaa hakina tatizo. Kinakuambia kwamba mkono wako hauileti bastola mahali palepale kila unapoinua, jambo ambalo alama za chuma zilikuwa zinakusamehe.

Dawa yake ni mazoezi ya nyumbani bila risasi. Toa magazini, vuta slaidi, angalia chemba kwa macho kisha kwa kidole, na risasi zote zikae chumba kingine. Hili naomba lisifanywe kwa haraka hata siku moja. Chagua ukuta unaoweza kuzuia risasi, si mbao nyembamba ambayo nyuma yake kuna watu wamelala. Weka jicho kwenye alama ndogo ukutani, tuseme swichi ya taa, usiliondoe hapo, kisha inua bastola polepole mpaka kioo kije chenyewe kati ya jicho na alama ile. Usiitafute nukta. Isipotokea, mara nyingi mtutu umeinuka, kwa hiyo ushushe kidogo sana na itaingia kutoka juu. Rudia. Baadaye fumba macho, inua, halafu fumbua uone mkono umeileta wapi. Dakika chache kila siku zinafaa kuliko siku nzima uwanjani mara moja kwa mwezi.

Unapochomoa kutoka kwenye mkoba wa bastola, usiiinue bastola kwa mzunguko kama mtu anayevua samaki kwa mshipi. Ilete kifuani, ulaze mtutu mapema uangalie mbele, kisha sukuma moja kwa moja kuelekea shabaha. Ukisukuma hivyo, nukta inaanza kuonekana kabla mikono haijanyooka. Hakikisha pia mkoba una nafasi wazi juu, maana ile ya zamani mingi haikukatwa kwa ajili ya kioo.

Kuna zoezi ninalolipenda kuliko yote. Bandika kipande cha utepe mbele ya kioo, upande unaoangalia shabaha, ili usione kitu kupitia humo. Fungua macho yote mawili na utazame shabaha. Jicho moja litaona nukta, jingine litaona shabaha, na ubongo utaziunganisha. Kama unaitazama nukta, shabaha itatoweka nyuma ya utepe papo hapo, na utajua umerudia tabia ya ncha ya mbele. Hakuna mwalimu atakayekuonyesha kosa hilo waziwazi hivyo.

Jambo la pili litakaloshtua ni mtetemo. Nukta inacheza juu ya shabaha na mtu anadhani mikono yake imeharibika. Mikono ni ile ile, ila sasa unaiona. Wengi husubiri nukta itulie, na ikitulia nusu sekunde wanavuta kifyatulio kwa pupa na risasi inakwenda chini. Iache itetemeke. Maadamu nukta iko ndani ya eneo unalotaka, bonyeza taratibu kwa mkandamizo usiobadilika.

Kuhusu kununua, pesa nyingi ziende kwenye ufungaji na risasi za mazoezi. Nimeona uwanjani vioo vya bei kubwa vikilegea kwa sababu ya skrubu. Safisha mafuta kwenye matundu, weka gundi ya skrubu ile isiyo ya kudumu, kaza kwa bisibisi inayopima mkazo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji, kisha chora mstari wa rangi kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye mwili wa kifaa. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Ukiweza, chagua kifaa ambacho betri inaingilia juu au ubavuni. Ile ya chini inakulazimu ufungue kila kitu, na baada ya hapo lazima uhakiki tena ulengaji uwanjani. Badilisha betri mara moja kwa mwaka, hata kama bado inawaka.

Houston ina joto na unyevu kama Tanga au Mombasa, na kwa hali hiyo mimi napendelea aina iliyofungwa pande zote, kama ACRO ya Aimpoint iliyotoka mwaka 2019. Kwenye aina ya wazi, tone la mvua au jasho likikaa juu ya taa, nukta inatapakaa au inapotea. Kwa mashindano ya mchana mkavu ile ya wazi inatosha, na kioo chake huwa kikubwa.

Ukubwa wa nukta hupimwa kwa MOA, kipimo kidogo cha pembe, na MOA 1 ni karibu sentimita 2.9 kwa mita 100. Nukta ya MOA 6 kwa mita 25 inafunika kama sentimita 4.4, ya MOA 2 kama sentimita 1.5. Kubwa inaonekana haraka, ndogo ni sahihi zaidi kwa mbali. Mwanga upunguze. Nukta inayowaka kupita kiasi inavimba na kulivuta jicho liiangalie. Ukiiona kama mkia wa koma au nyota badala ya duara, itazame kupitia kamera ya simu. Simu ikionyesha duara safi, tatizo liko kwenye jicho, na daktari wa macho atakusaidia. Baadhi ya watu huiona nukta ya kijani vizuri zaidi.

Rekebisha ulengaji kwa mita 15 au 25, mikono ikiegemea mfuko, ukipiga risasi tano kabla ya kugusa skrubu yoyote ya kusogeza nukta. Kumbuka kioo kiko juu ya mtutu: kwa mita 3 risasi itagonga karibu sentimita 2 chini ya nukta. Alama za chuma usizitoe, weka ndefu zinazoonekana kupitia kioo, kwa siku betri itakapozima.

Kwa walioko nyumbani wenye leseni, iwe Tanzania chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015 au Kenya chini ya Bodi ya Leseni za Silaha, ulizeni mamlaka kwa maandishi kabla ya kuagiza kifaa chochote. Usikubali neno la muuzaji.

Anayeanza kabisa aanze na nukta moja kwa moja kama ana uwezo, kwa kuwa hana la kusahau. Mwenye mazoea ya zamani ataiona faida ya nukta kwa mita 20 kabla ya kuiona kwa mita 5, ambako mwanzoni hataona faida yoyote. USPSA na IDPA, vyama vinavyoendesha mashindano ya bastola, vyote vina daraja la Carry Optics, yaani la bastola zenye nukta, kwa hiyo hutakosa pa kushindana. Na kama una bastola mbili, moja ya nukta na moja ya chuma, ile ya chuma ifungie kabatini kwa miezi ya kujifunza. Ukizichanganya mapema, macho hayatajua yatazame wapi, na utapiga vibaya kwa zote mbili.