Fundi Anajibu: Fulashi ya kuokolea haitunzi picha

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Lubumbashi, Ruashi. Umeme ulikatika kompyuta yangu ya mezani ikiwa katikati ya kujisasisha, na Windows ikagoma kufunguka. Imetengenezwa, lakini nimeambiwa niwe na fulashi ya kuokolea. Nina ya giga 8. Inatosha? Itabeba na alama za wanafunzi?

JIBU: Papa Mwalimu, tuanze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloliza watu. Haibebi. Fulashi ya kuokolea ina Windows tu, na ukiitumia kuisakinisha upya, hati, picha na programu ulizoongeza zinafutika zote. Alama zinataka diski yake ya nje. Usijaribu kubana kazi hizo mbili kwenye kifaa kimoja.

Giga 8 hazitoshi. Tafuta ya giga 16, au 32 ukipata, isiyo na kitu unachokipenda, kwa sababu itafutwa yote. Kompyuta nyingi za huku zina Windows ya Kifaransa, kwa hiyo andika "lecteur de récupération" mahali pa kutafutia, ufungue programu itakayotokea. Utaulizwa kama faili za mfumo zinakiliwe pia. Acha tiki (✓) kwenye kisanduku cha swali hilo. Ukiiondoa, kazi itaisha haraka na hata fulashi ndogo itafaa, ila siku ya shida utapata zana za kutengenezea tu, bila Windows ya kurudisha. Kompyuta ya mezani iwe kwenye onduleri (kifaa kinachoshikilia umeme ukikatika) wakati wote huo, maana saa nzima inaweza kupita, na fulashi ya USB 2.0 hukawia zaidi. Faida ya njia hii: haili mega zako. Ukipakua Windows kwenye tovuti ya Microsoft, forfe (kifurushi chako cha intaneti) itaondokewa na giga kadhaa.

Programu ikisema haiwezi kuitengeneza, mara nyingi sehemu ya uokoaji ndani ya diski imezimwa. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike reagentc /info. Ikionyesha imezimwa, andika reagentc /enable, halafu rudia.

Ijaribu siku hiyohiyo. Zima kompyuta, chomeka fulashi, washa huku ukigonga F12 kwa Dell na Lenovo, au F9 kwa HP, uchague fulashi. Ukifika kwenye ukurasa wa kuchagua kibodi, imefaulu: zima, chomoa. (Siku ya kazi yenyewe chagua kibodi ya Kifaransa, la sivyo A na Q zitabadilishana nafasi, nywila ikataliwe, nawe utaapa kwamba umeiandika sawasawa.) Itengeneze upya kila mwaka, kwa kuwa Windows iliyomo haijisasishi pamoja na ile ya kwenye kompyuta.

Kwa alama, nunua diski ya nje uwashe "Historique des fichiers", ambayo isipobadilishwa hunakili hati zilizobadilika kila saa diski ikiwa imechomekwa. Lakini usiiache hapo. Umeme unaporudi kwa kishindo unaweza kuunguza vyote viwili, na virusi vinavyofunga faili hufunga pia nakala vinayoiona. Ichomeke kila Ijumaa, isubiri imalize, uitoe kwa utaratibu. Nakala ya pili ikae shuleni au kwa ndugu wa Katuba. Mwizi akiingia nyumbani hachukui kompyuta akakuachia diski iliyo pembeni yake.

SWALI: Nilinunua sokoni fulashi ya tera 2 kwa bei ndogo sana. Nilinakili picha za ndoa ya mdogo wangu bila tatizo, lakini sasa za mwanzo zinafunguka, nyingine zinaleta kosa. Kompyuta imeharibika? Mama wa Kamalondo.

JIBU: Mama, kompyuta haina kosa. Fulashi ndiyo inayosema uongo. Ndani pengine mna giga 16 au 32, ila kidude kinachoiongoza kimepangwa kitangaze tera 2. Nafasi ya kweli ikijaa, inaendelea kupokea: majina ya picha yanaonekana, picha zenyewe zimetupwa au zimeandikiwa juu ya nyingine. Zilizopotea hivyo hazirudi kwa programu yoyote. Usimlipe mtu anayekuahidi. Nakili zinazofunguka, kisha umwombe mpiga picha akupe zile za asili kabla hajafuta kadi yake.

Kila fulashi mpya ipimwe kwa H2testw, programu ya bure. Inaijaza yote halafu inasoma tena ilichoandika, na ikitofautiana inakuambia. Ipime ikiwa tupu, na kabla muuzaji hajahama meza. Ya tera 2 inaweza kuchukua siku nyingi.

SWALI: Nimechomeka fulashi ya kuokolea, kompyuta inadai tarakimu 48. Sijawahi kuziweka. Nifanyeje?

JIBU: Diski yako imefungwa na BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda diski, ambayo kwenye kompyuta nyingi mpya hujiwasha unapoingia na akaunti ya Microsoft. Kwa simu au siber (duka la intaneti), fungua aka.ms/myrecoverykey, uingie na akaunti hiyohiyo, ulinganishe kitambulisho cha ufunguo na kile kilicho kwenye skrini. Ukishafungua, ziandike kwenye karatasi, wala usiiweke ndani ya begi la kompyuta.