Jibu: Singo za zamani zimeanza sifuri ndani ya albamu

Salama mkuu, hongera sana kwa albamu ya kwanza bila lebo. Kwa hiyo unauliza kwa nini singo mbili ulizotoa mwaka jana, Spotify inaanza kuhesabu usikilizwaji wake toka sifuri ndani ya albamu. Angalia ISRC kwanza, ile namba ya wimbo yenye herufi na tarakimu 12. Ukiacha kisanduku chake wazi wakati wa kupakia, msambazaji (kampuni inayokupelekea nyimbo Spotify) anatoa namba mpya na wimbo unaonekana mgeni. Chukua ISRC za zamani kwenye akaunti uliyotolea singo, umwombe msambazaji aziweke kwenye nyimbo hizo ndani ya albamu. Jina, walioshirikishwa na faili la sauti vifanane kabisa. Kama ulimiksi upya, namba mpya ni halali. UPC, yaani namba ya toleo zima, ya albamu iwe yake, tofauti na za singo. Singo usizifute kabla hesabu hazijaungana, nakuomba, utapoteza nafasi kwenye pleilisti ambamo singo hizo zimewekwa.