Re: Baba mdogo ameibuka na wosia anataka kuuza ploti ya marehemu

Pole sana dada kwa msiba. Umeuliza kama baba mdogo anaweza kuuza ile ploti ya marehemu iliyoko Jinja, Uganda, kwa sababu tu ana wosia mkononi, hapana, hawezi, wosia peke yake haumpi ruhusa ya kuuza mpaka korti impe probeti (kibali cha kusimamia mali kwa wosia huo), na kabla ya hapo akigusa mali hilo ni kosa.

Huo wosia uangalie vizuri. Lazima mashahidi wawe wawili, wosia wa kwetu sisi ulikuwa na shahidi mmoja, mzee alosaini kwa dole gumba, tena ndo huyo huyo aliyeandikiwa ng'ombe, tukacheka kwa uchungu.

Usingoje kikao cha ukoo jamani, kesho nenda ofisi ya ardhi uweke kaveti (zuio la kuuza au kuhamisha ardhi) kwenye hati, halafu chukua barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji) na cheti cha kifo upeleke kwa Administrator General, ofisi ya serikali inayosimamia mambo ya mali za marehemu.

Wosia ukianguka, sheria ya urithi iliyorekebishwa 2022 inagawa hivi: watoto asilimia 75, mjane 20, wategemezi 4, mrithi wa kimila (anayetambuliwa na ukoo) 1. Nyumba ya marehemu aliyokuwa anaishi na mjane wake haiingii kwenye hesabu hiyo. Pesa ya wakili hamna? Jaribu FIDA, chama cha wanasheria wanawake kinachotoa msaada wa kisheria.