Lami chakavu, saruji, na maji yanayodanganya

Mara ya kwanza nilipoletewa maabara lami iliyokwanguliwa barabarani, niliichukulia kama kokoto yoyote. Nikaitia kwenye oveni, nyuzi 105, nikaenda kula. Niliporudi, ndani ya trei kulikuwa na mkate mmoja mweusi: lami imelainika, punje zimeshikana, hakuna tena cha kuchekecha. Tangu siku hiyo naikausha kwa nyuzi 60 au chini yake, usiku kucha. Msimamizi akilalamika kwamba nachelewesha kazi, namwacha alalamike.

Hilo lilitugharimu trei moja. La pili lilitugharimu kipande kizima cha barabara.

Tulikuwa tunachanganya lami chakavu na kokoto mpya na saruji asilimia 3 kwa ajili ya tabaka la msingi, tunapima ushindiliaji kwa kipimo cha nyuklia, kifaa cha mionzi kinachosoma uzito na maji ya tabaka palepale. Kipimo hicho hakiyaoni maji yenyewe. Kinachohesabu ni haidrojeni, na lami nayo imejaa haidrojeni. Basi kikatusomea maji mengi kuliko yaliyokuwamo. Dereva wa boza akaambiwa apumzike, tabaka likashindiliwa likiwa kavu. Na kwa kuwa uzito mkavu hupatikana kwa kutoa maji, karatasi ikawa inasema bado ushindiliaji haujafika. Rola ikaenda, ikarudi, mpaka kokoto za juu zikaanza kusagika, na huku saruji haimngoji mtu: saa mbili zikipita tangu ikutane na maji, unashindilia kitu kinachoanza kuganda. Tulipochimba shimo na kulijaza mchanga ili kujua ujazo wake, ndipo tulipoujua ukweli. Kipande kile kikakwanguliwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza, chukua sampuli palepale kipimo kiliposimama, ikaushe taratibu, ulinganishe, upate tofauti ya kurekebisha. Lundo la lami chakavu likibadilika, rudia, maana lami ya barabara moja si sawa na ya nyingine.

Nguvu ya mgandamizo ikiwa ndogo, mtu wa kwanza atakayekuja ofisini atasema ongeza saruji. Mimi napinga. Utando wa lami ndio unaoizuia saruji isishike jiwe, na saruji ikizidi huleta nyufa za kusinyaa ambazo baadaye hupanda hadi kwenye lami mpya. Punguza lami chakavu, ongeza kokoto na vumbi la kokoto. Vumbi hasa, kwa sababu lile la zamani limebaki limenaswa ndani ya mabonge.

Lundo liwe fupi, lifunikwe, na magari yasipande juu yake. Jua la mchana pamoja na tairi la kijiko, mashine ya kupakia, huligeuza kuwa mwamba.

Baada ya kushindilia, mwagilia siku 7. Hapo boza halipumziki, hata kipimo kiseme nini.