Siku tisa kabla ya kupiga 116

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, nikiripoti mtoto anayeteswa, si watajua ni mimi?" Nimeshindwa kumjibu kwa mistari miwili, maana swali hilohilo ndilo lililonifunga mdomo siku tisa.

Mwaka juzi, nyumba ya pili kutoka kwangu huku Mbagala, aliletwa binti wa kazi kutoka kijijini. Miaka kumi na miwili hivi. Anavaa sweta mchana wa Januari, na jua la Dar unalijua. Siku moja bombani nikamwona anatundika ndoo kwenye kiwiko, kajaza nusu tu.

"Mkono umefanyaje, mwanangu?"

"Chai, anti."

Chai gani inaunguza viganja vyote viwili?

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayevunjiwa haki azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Siku ya nne nikajikaza, nikaenda ofisi moja. Nikaambiwa mambo ya nyumba za watu niwaachie wenyewe. Nikarudi, nikabandika maharage. Hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo.

Siku ya tisa usiku nikasikia kilio. Nikajifungia chooni, nikapiga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto. Salio sikuwa nalo, na simu ile ni bure. Dada aliyepokea aliuliza umri wa mtoto, mtaa, alama ya nyumba (geti la bluu, mkabala na muuza mkaa), na kama yuko hatarini muda ule. Jina langu akasema si lazima. Kesho yake akaja afisa ustawi wa jamii na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto. Binti akatoka na kifuko cha rambo, sweta lake mwilini.

Kwa hiyo ndugu yangu, piga. Ushahidi waachie wanaochunguza. Wewe sema ulichokiona na ulipokionea. Namba ni hiyohiyo bara na Zanzibar, hata Kenya. Mfundishe na mwanao, moja moja sita, maana anayemuumiza anaweza kuwa analala naye nyumba moja. Sare za harusi tunazijadili wiki nzima, mtoto akipiga kelele tunaongeza sauti ya redio! Piga tu.

Sasa, watajua? Mimi walinijua, ila si kwa sababu ya 116. Nilionekana mchana kweupe naingia ile ofisi. Kijumbe anayekusanya pesa za mchezo wetu wa kupeana kwa zamu ni wifi yake yule mama aliyekuwa akiishi na binti. Zamu yangu ilikuwa Machi. Ikarukwa, na michango yangu ya miezi saba sijarudishiwa.