Kosa si la Vifaa vya Kukodi, ni la Uzito wa Risasi Kiunoni

Dada mmoja wa Ntinda ameniandikia. Alijifunza kuzamia kwenye bwawa la hoteli hapa Kampala, akaenda Mombasa, na kule chini akahangaika mwanzo mwisho: miguu inaning'inia, mikono inapiga maji. Mwongozaji akamwambia suluhisho ni kununua vifaa vyake. Anataka kujua aanze na kipi.

Usinunue hata kimoja, dada. Mimi pia niliambiwa hivyo, mbele ya wageni, na mpaka leo yananiuma. Mwongozaji wangu alinitazama juu mpaka chini, hakunipima, akanifunga kiunoni kilo kumi za risasi, vile vipande vizito vya kumsaidia mzamiaji kushuka, kisha akanicheka ninavyotimua mchanga. Ili nisizame ilibidi nijaze hewa jaketi la kuzamia, lile la kujazwa na kutolewa hewa ili uelee au ushuke. Hewa ikakaa mabegani, risasi ikavuta nyonga, nikasimama wima kama ndoo kisimani. Nikipanda kidogo hewa inapanuka na kuninyanyua. Nikiitoa, nashuka kama jiwe. Jaketi jipya la bei mbaya lingenisaidia nini hapo? Siku hizi wenye vifaa hivyo hivyo ndio wananiitia wageni wao niwaweke sawa.

Kwa hiyo pima. Ingia majini na kila kitu, toa hewa yote kwenye jaketi, vuta pumzi ya kawaida uishike, usipige mapezi ya miguuni. Maji yafike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame taratibu. Kama mtungi wako wa hewa umejaa, ongeza kama kilo mbili, maana hewa ina uzito: mtungi wa alumini wa lita 11 unapobaki na bar 50 za mgandamizo, karibu na mwisho wa mzamio, umeshapungua kiasi hicho, na hapo ndipo watu wanarushwa juu. Na usibebe hesabu ya bwawani kwenda nayo pwani. Maji ya chumvi yanakunyanyua zaidi. Mtu wa kilo 90 pamoja na vifaa anahitaji nyongeza ya kilo mbili na kitu.

Miguu ikizidi kushuka, sogeza mtungi juu kidogo kuelekea kichwani, au hamishia vipande viwili vya risasi kwenye mkanda wa mtungi. Jaketi nalo lijaribu nchi kavu: lijaze, mtu alivute juu mabegani. Likifika masikioni, rudisha, omba dogo. Usione haya! Umelipa. Tatizo letu tunapokea chochote tunachopewa, tunasema asante, halafu tunalaumu vifaa.

Yote hayo yaandike: unene wa suti ya kuzamia, aina ya mtungi, kilo ulizobeba, maji ya aina gani. Na ukija kuzamia Ziwa Victoria (kuona kwa shida, nakuonya), punguza risasi za Mombasa, tena tumia jedwali la miinuko (lile la kina na muda wa kuzamia mahali palipoinuka), maana ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na taratibu hizo zinaanzia mita 300.