Seva ya London, riziki ya Eastleigh: je, kuuza VPN ya kutazamia vipindi vilivyofungwa ni halali?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Eastleigh hapa Nairobi. Nimekodi seva ndogo, yaani kompyuta ya mtandaoni, iliyoko London kwa kama Sh700 kwa mwezi, nikaiwekea VPN, programu inayopitisha mtandao wa mtu kwenye seva hiyo. Majirani 14 hunilipa Sh250 kila mwezi kwa M-Pesa, nao huitumia kutazama huduma za Uingereza ambazo hapa Kenya hazifunguki, hasa BBC iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama vipindi mtandaoni. Kinachobaki kinamsaidia mama kulipa karo ya dada yangu. Ndugu mmoja msikitini ameniambia VPN yenyewe ni haramu. Mwingine amenitumia sauti ya mhadhiri akisema mali ya makampuni ya makafiri haina kizuizi kwetu. Mama nimemwambia tu kwamba nafanya kazi ya kompyuta. Nishike lipi?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mwanangu, sauti hiyo uliyotumiwa mimi pia nimeletewa, na vijana watatu, kila mmoja kwa siku yake baada ya darsa. Wote walikuwa tayari wameshaiamini. Ndiyo maana sitakujibu kwa neno moja.

Aliyekuambia VPN yenyewe ni haramu amekosea. Ni chombo. Wafanyakazi huingilia ofisini kwao kwa njia hiyo, na anayetumia waifai ya mkahawani hujikinga nayo dhidi ya wadukuzi. Wanavyuoni wameshatwambia kwamba njia hupewa hukumu ya kinachokusudiwa kwayo, basi tutazame kinachokusudiwa.

Jirani yako amelala kitandani kwake, simu mkononi. Ombi lake linapita kwenye seva yako, na kule mbele inaonekana anwani ya London. Lakini mambo hayaishii hapo. Akifungua akaunti ya iPlayer anaulizwa msimbo wa posta wa Uingereza. Hana, basi anaandika wa nyumba ya watu asiowajua. Kisha kabla kipindi hakijaanza anaulizwa: una leseni ya televisheni? Tangu Septemba 2016 sheria ya kwao inamtaka anayetazama vipindi vya BBC kwa huduma hiyo awe na leseni, na leseni ni zaidi ya pauni 170 kwa mwaka, yaani kama Sh30,000 za kwetu. Pana kitufe cha kujibu kwamba unayo. Anakibonyeza. Mwanangu, huo ni uongo kama uongo mwingine wowote. Kwamba umesemwa kwa kidole haupungui kitu.

Katika Sahihi Muslim, Abu Huraira (r.a.) anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vyake vikakuta majimaji. Akamwuliza mwenyewe, "Ni nini hiki?" Akajibu, "Imenyeshewa na mvua, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu." Akamwambia, "Mbona hukuiweka juu watu wakaiona? Mwenye kughushi si katika mimi." Yule bwana hakusema neno la uongo hata moja, alipanga tu nafaka yake kavu juu na mbichi chini. Nyinyi mmeweka London juu na Eastleigh chini, na juu yake mkaongeza jibu lisilo la kweli.

Sasa nije kwa mhadhiri. Anasema wenye huduma hizi ni makafiri, kwa hiyo hakuna ahadi baina yetu nao. Sijui kauli hii ameitoa katika kitabu gani. Mtume (s.a.w.) alipohama Makka, watu wa Makka walikuwa wanataka roho yake, na amana zao zilikuwa nyumbani kwake. Alimwacha Ali (r.a.) nyuma azirudishe kwa wenyewe. Sahaba Mughira bin Shu'ba alifuatana na watu kabla ya kusilimu, akawaua na kuchukua mali yao, kisha akaja kusilimu. Bukhari amepokea jibu alilopewa na Mtume (s.a.w.): Uislamu wako naukubali, ama mali hiyo mimi simo. Waliodhulumiwa walikuwa washirikina! Na Imamu Shafi, ambaye fiqhi yake ndiyo tuliyolelewa nayo watu wa pwani hii na bara yake, amesema katika kitabu chake al-Umm kwamba Mwislamu aliyeingia nchi iliyo vitani na Waislamu kwa dhamana ya usalama hana ruhusa ya kuwafanyia watu wake hiana katika mali zao. Ikiwa hivyo ndivyo kwa adui wa vitani, itakuwaje kwa aliyekuwekea masharti, ukabonyeza "nakubali", kisha ukayavunja dakika hiyo hiyo? Allah (s.w.) anasema mwanzo wa Suratul Maida, "Enyi mlioamini! Timizeni ahadi," wala hakubagua ahadi ya nani.

Anasema pia kwamba picha na sauti si mali, kwa kuwa ukitazama hakuna kilichopungua. Suala hili lilishajadiliwa. Baraza la kimataifa la fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait mwaka 1988 na kupitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sharia, wala haijuzu kuzivamia. Anayetaka kupinga alete dalili. Kupaza sauti kwenye kipaza sauti si dalili.

Hoja yake inayowagusa zaidi vijana ni kwamba Wazungu wametufungia kwa ubaguzi. Uchungu huo naufahamu. Lakini haki za kuonyesha huuzwa nchi kwa nchi, na aliyenunua za nchi moja hana ruhusa ya kuonyesha nyingine. Wao pia hufungiwa. Jumamosi saa tisa alasiri ya Uingereza, mechi za ligi yao zinazoanza wakati huo hazirushwi kwenye televisheni za kwao, ni utaratibu wa miaka mingi, ilhali sisi huku tunazitazama jioni kwa king'amuzi. Hapo mbona hatusemi kuna ubaguzi?

Kwa hiyo kazi hiyo iache. Wewe si mtazamaji tu. Unawafungulia watu 14 mlango wa uongo kwa ujira, na Allah ametukataza kusaidiana katika dhambi. Sikuiti mwizi, wizi una masharti yake katika fiqhi na hayapo hapa. Ulichokipata kabla ya kujua nataraji hakina lawama kwako, kwa kipimo cha aya ya riba: aliyefikiwa na mawaidha akakoma, ni chake kilichopita. Dada yako na aendelee na masomo bila wasiwasi. Na anayelipia huduma yake kihalali hapa Kenya, kisha akatumia VPN kupata orodha ya vipindi vya nchi nyingine iliyokatazwa katika masharti, kosa lake ni jepesi kuliko hili, lakini bado amevunja sharti.

Kuhusu mama, umeniambia jambo ambalo hukuniuliza. Mtume (s.a.w.) alisema dhambi ni kile kinachokukera kifuani na ukachukia watu wakijue. Moyo wako ulishatoa fatwa kabla yangu. Kaa naye umweleze.

Lakini elimu uliyo nayo si ya kutupa. Kijana aliyejifunza mwenyewe kusimamisha seva ni hazina. Hapo mtaani kwenu wafanyabiashara husafiri Dubai na Guangzhou kuchukua mizigo huku maduka yamebaki na vijana wa kazi. Mwenye duka anataka aone kamera zake na daftari la mauzo akiwa hotelini, bila mtu wa tatu kuchungulia. Hiyo ni VPN ile ile, na kila upande unajua nani ni nani. Duka moja la aina hiyo linaweza kukulipa zaidi ya majirani wako wote.

Wateja waliokwisha kulipa mwezi huu warudishie siku zilizobaki, kila mtu kwa hesabu yake, na uwaambie sababu. Kisha njoo Ijumaa baada ya Alasiri. Katika jamaa wanaosali nami yumo mwenye maduka mawili ya vitambaa, nitawakutanisha.